Kupigwa na Baridi, Kupigwa na Fundi

Fanesi haiharibiki mwezi wa Julai. Julai imelala chini kwenye besimenti, hakuna anayeikumbuka, na hata ikiwa na hitilafu hakuna wa kuigundua. Hufa Januari, usiku, kwa sababu Januari ndipo inapofanya kazi mchana kutwa na usiku kucha. Usiku huohuo simu za mafundi wote wa mji zinaita kwa mpigo, na mtu anayepiga simu akiwa amevaa koti na kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe hana ubavu wa kubishana bei.

Kwa msomaji aliye Tanga au Kisumu, fanesi ni kabati la chuma linalochoma gesi na kusukuma hewa ya moto kwenye mifereji ya bati mpaka kila chumba. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na sehemu kubwa ya Kanada, bila hiyo nyumba haikaliki. Tarehe 30 Januari 2019 baridi ya Minneapolis ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwenye baridi ya namna hiyo nyumba isiyo na joto hupoa kwa saa chache, maji yaliyomo kwenye mabomba ya ukutani huganda, bomba hupasuka, na barafu ikija kuyeyuka sebule imekuwa bwawa. Mwenye nyumba analijua hilo. Fundi naye analijua.

Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi na mashine hii si wachache. Wapo Wakenya wa Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis, wapo Wakongomani na Warundi wa Des Moines, wengine wao wamepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wapo wa Calgary na Edmonton. Mtu amepiga zamu za usiku miaka kadhaa, amenunua nyumba. Paa analielewa, ukuta anauelewa, hata injini ya gari anaweza kuifungua. Lakini lile kabati la chini hakuna aliyewahi kumfundisha habari zake. Kutojua huko kukikutana na baridi, mtu husaini chochote anachowekewa mbele.

Nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: bei kubwa si lazima iwe wizi. Tumezoea mtindo wa Kariakoo na Kirinyaga Road, kipuri unanunua mwenyewe, kisha unapatana na fundi gharama ya ufundi. Kampuni nyingi za Marekani hazikubali. Ukiwaletea kipuri ulichoagiza mtandaoni watakurudishia mkononi, na bei wanayokutajia ni ya kazi nzima, imeshapangwa ofisini. Kifaa kinachouzwa dola 30 kinaweza kukufikia kwenye bili kikiwa dola 250. Ndani ya hiyo bei kuna gari lililojaa vipuri, kuna bima, kuna mshahara wa anayepokea simu, kuna dhamana ya kurudi bure kikiharibika tena, na usiku wa Jumamosi kuna nyongeza yake. Lalamika ukitaka, lakini kazi imefanyika na nyumba ina joto. Wizi ni kubadilishiwa kisichoharibika. Na wizi mkubwa kuliko wote ni kuuziwa fanesi mpya, ambayo kwa kawaida hugharimu maelfu kadhaa ya dola na wakati mwingine kufika 10,000, ilhali ya zamani ilihitaji kusuguliwa tu.

Nikisema kusuguliwa sitanii. Fanesi ya gesi ya siku hizi huwaka kwa hatua, kila hatua ikisubiri iliyotangulia. Themostati ukutani inaomba joto. Feni ndogo inaanza kuvuta moshi kuupeleka nje. Swichi inahakikisha kwamba moshi kweli una njia. Kiwashio kinakuwa chekundu, gesi inafunguliwa, moto unashika. Hapo ndipo kinapoingia kijiti chembamba cha chuma kilichosimama ndani ya moto. Kazi yake ni kuiambia bodi ya umeme kwamba moto upo, kwa mkondo mdogo mno wa umeme unaopita katikati ya ndimi za moto. Kijiti kikipata utando wa uchafu mkondo hupungua, bodi inadhani hakuna moto, inafunga gesi ili nyumba isijae gesi mbichi. Baada ya majaribio machache mashine inajifungia.

Aliye juu sebuleni anasikia feni, kisha vuu la moto, kisha kimya. Baada ya muda, tena. Fundi mwaminifu akifika anafungua skrubu moja, anachomoa kijiti, anakisugua kwa stilwaya laini, anakirudisha. Dakika kumi. Atakutoza gharama ya kuja na ya kupima, pengine dola 150 au 200, na ni haki yake, maana umelipia kujua kwake. Fundi wa pili kwa ugonjwa huohuo atasema bodi ya umeme imekufa. Wa tatu hatasema kitu; atasoma mwaka kwenye kibandiko, atatikisa kichwa, na kukuuliza kwa sauti ya huruma kwa nini unapoteza pesa kwenye mashine ya miaka kumi na sita.

Huyu wa tatu si lazima awe mtu mbaya. Uliza analipwaje. Kampuni nyingi za kazi hii huwalipa mafundi kamisheni kwa kile wanachouza, na baadhi huwapa malengo ya mauzo ya mwezi. Lile tangazo la ukaguzi wa fanesi kwa dola 49 haliwezi kulipia mafuta ya gari na saa nzima ya fundi. Ni kiingilio cha mlangoni, faida inatafutwa ndani. Kuna jambo jingine ambalo wateja wengi hawalifahamu. Miaka ya karibuni mifuko ya uwekezaji imenunua kampuni nyingi za kifamilia katika biashara hii na kuliacha jina la zamani kwenye gari. Jirani anayekusifia kampuni iliyomtengenezea vizuri zamani huenda anamsifia mzee aliyekwishauza na kustaafu. Kwa hiyo usiulize tu nani ni mzuri. Uliza walikuja lini mara ya mwisho, na walitengeneza nini.

Sasa tuje kwenye lile linalowaangusha hata wajanja. Ndani ya fanesi kuna chemba ya chuma. Moto na moshi wake hupita ndani ya chemba, hewa ya nyumba hupita nje yake ikiokota joto. Chemba ikipata ufa, kaboni monoksidi inaweza kupenya kwenye hewa mnayovuta mkiwa mmelala. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa Njombe au Limuru hatari hiyo. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za waliolala na jiko la mkaa chumbani na hawakuamka. Ndiyo maana neno hilo likitamkwa na fundi, mzazi haulizi tena bei. Fundi anafunga gesi, anabandika karatasi nyekundu kwenye mashine, anasema: siwezi kuiacha ikiwaka, una watoto humu.

Ugumu wake ni kwamba huenda anasema kweli. Chemba hupasuka, na fundi anayefunga gesi kwa sababu hiyo anafanya alichopaswa kufanya. Usimlazimishe aiwashe. Lakini kuzima mashine na kununua mpya usiku huohuo ni mambo mawili tofauti, na fundi mlaghai huyafunga pamoja kwa makusudi. Mwambie akuonyeshe ufa. Wana kamera ndogo za kupenyeza ndani. Achukue picha, na picha hiyo ianze na kibandiko chenye namba ya mashine yako, kwa sababu picha ya ufa wa nyumba nyingine inafanana na ya ufa wa kwako. Aandike pia vipimo vya kaboni monoksidi alivyovipata, kwa tarakimu. Kisha mshukuru, mlipe gharama ya kuja, funga mlango.

Usiku mmoja unavumilika. Hita mbili za umeme zinapatikana kwa dola 50 hivi kila moja; zichomeke moja kwa moja ukutani, kwenye saketi tofauti, mbali na mapazia, bila waya wa kuunganishia, na familia ilale chumba kimoja. Mabomba yaache yadondoshe maji kidogo kidogo yasigande. Ovena ya gesi si hita, na jiko la kuchomea nyama lisivuke kizingiti. Asubuhi ita kampuni ya pili, na usiwaambie ya kwanza imesema nini. Waambie tu fanesi imezimwa na ungependa waikague. Wakirudi na jibu lilelile, sasa unayo habari ya kweli, na hapo kabla ya kununua soma namba ya mashine na uwapigie walioitengeneza, maana dhamana ya chemba kwa chapa nyingi hufika miaka 20, na nyingine hudumu maisha yote ya mashine kwa mnunuzi wa kwanza aliyeisajili. Kipuri utapewa bure, ufundi utalipa. Muuzaji wa fanesi mpya husahau kukukumbusha hilo.

Kengele ya kaboni monoksidi ni jambo lisilo na mjadala: moja kila ghorofa, karibu na vyumba vya kulala. Inauzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Ikilia, tokeni wote nje, hata kwenye theluji, ndipo upige 911. Wazimamoto watakuja na vipimo vyao, na hawa hawana fanesi ya kukuuzia. Ukisikia harufu ya gesi, toka hivyohivyo na uipigie kampuni ya gesi ukiwa nje.

Kabla ya yote hayo, kuna mambo ya kutazama kabla hata hujashika simu, na inasikitisha ni safari ngapi za fundi huishia hapo. Betri za themostati. Filta: ikijaa vumbi hewa haipiti, mashine inapata moto kupita kiasi na kujizima yenyewe. Swichi ya umeme ya fanesi, ambayo mara nyingi iko kwenye ngazi za besimenti na inafanana na ya taa, kwa hiyo mgeni huizima bila kujua. Mlango wa fanesi wenyewe, usipokaa sawasawa haiwaki. Na lile bomba jeupe la plastiki linalotokea nje ubavuni mwa nyumba. Theluji ikilifunika mashine inakataa kuwaka, nawe unalizibua kwa mkono. Ukichungulia kwenye kidirisha kidogo cha mlango utaona taa inayopepesa kwa kuhesabu, tatu, kimya, tatu, kimya. Hiyo ni lugha ya bodi, na tafsiri yake imebandikwa nyuma ya mlango huo. Mwambie fundi kwenye simu kwamba taa inapepesa mara tatu. Hata kama hujui maana yake, yeye ataelewa kwamba anaongea na mtu aliyefungua macho. Ya ndani zaidi ya hapo, hasa bomba la gesi, usiyaguse.

Kuna jambo la nyumbani kwetu linaloniuma zaidi ya bei. Wazazi wengi waliohamia ukubwani wanamwachia mtoto kazi ya kutafsiri. Fundi anaeleza kwa Kiingereza cha kiufundi, binti wa miaka kumi na mbili amesimama kati yao kwenye ngazi za besimenti, na kinachomfikia mama ni maneno mawili: imeharibika, hatari. Kisha fundi anatoa kompyuta yake bapa na kuomba saini ya kidole. Saini ya kwanza huwa ya kuruhusu ukaguzi. Ya pili inaweza kuwa mkataba wa mkopo. Skrini ni ileile, kidole ni kilekile. Omba karatasi au utumiwe barua pepe kabla ya kusaini, mpigie simu mtu mzima anayejua lugha, na akisema ofa inaisha leo, basi iishe. Mtu anayekuandikia fanesi mpya bila kupima vyumba wala kuuliza madirisha yakoje anakisia tu, na fanesi kubwa kuliko nyumba huwaka na kuzima ovyo mpaka ijimalize kabla ya wakati.

Marekani ina kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara inayokupa siku 3 za kazi kufuta ununuzi wa dola 25 au zaidi uliofanyika nyumbani kwako. Ina vighairi. Ukarabati uliouita mwenyewe haumo, ingawa mauzo ya ziada yaliyozaliwa kwenye ukarabati huo yanaweza kuwemo; na kazi ya dharura haimo endapo umeandika na kusaini kwamba unaiacha haki hiyo. Ukiombwa kuandika karatasi ya namna hiyo, simama kwanza. Kanada wamekwenda mbali zaidi. Alberta ilipiga marufuku wauzaji wa fanesi wa kugonga milango kuanzia tarehe 1 Januari 2017, Ontario ikafuata tarehe 1 Machi 2018. Ontario walikuwa na balaa jingine: mtu anakodishiwa fanesi kwa malipo madogo ya mwezi, kumbe kampuni imesajili dai juu ya nyumba yake, na anagundua siku anayotaka kuiuza. Mwaka 2024 jimbo likafuta usajili wa madai ya aina hiyo kwa wateja wa kawaida. Kwa hiyo anayegonga mlango wako Toronto bila kuitwa, akakuuzia fanesi barazani, ameshavunja sheria kabla hujajua jina lake.

Leseni nayo haifanani kila mahali. Texas fundi wa joto na viyoyozi lazima kampuni yake iwe na leseni ya jimbo, na namba yake iandikwe pande zote mbili za gari. Unaisoma ukiwa dirishani. Minnesota jimbo halitoi leseni ya aina hiyo, linadai kampuni iweke dhamana ya dola 25,000, na baadhi ya miji, Minneapolis na Saint Paul ikiwemo, ina leseni zake. Ontario anayegusa gesi lazima awe na cheti kinachosimamiwa na TSSA, mamlaka ya usalama wa kiufundi ya jimbo hilo. Zote hizo hukaguliwa mtandaoni kwa dakika chache. Kwenye miji mingi kuweka fanesi mpya kunahitaji pia kibali, na kibali humleta mkaguzi wa mji, mtu anayelipwa na serikali kuja kutazama kazi ya fundi wako. Kampuni inayokuambia kibali ni usumbufu inajua inachokikimbia.

Hapa watani wangu watanirushia mawe, lakini niseme. Kundi la WhatsApp la kanisani au msikitini ni mahali pazuri pa kuuliza, na lina kasoro yake: litakupa fundi wetu. Kijana mwema, anatoka Bukavu au Kitale, anajua umeme, atakutoza nusu bei. Kama hana cheti cha gesi, usimruhusu aguse fanesi. Nyumba ikiungua kampuni ya bima itauliza nani alifunga lile bomba, na undugu hautakuwa jibu. Kama anaipenda kazi hiyo, vyuo vya ufundi vya miji hiyo vinaifundisha, na waajiri wanawatafuta wahitimu.

Wapangaji nao wana shida tofauti kabisa, nayo ni kujilipia kisichowahusu. Mpangaji mgeni huogopa kumsumbua mwenye nyumba, anaita fundi, analipa. Minnesota, tangu mwaka 2024, sheria inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Mwandikie ujumbe, upige picha themostati, uhifadhi. Kwa wenye nyumba wa kipato kidogo, mpango wa serikali kuu ya Marekani uitwao LIHEAP, ulioanza mwaka 1981, katika majimbo mengi una fungu la dharura la kutengeneza au hata kubadilisha fanesi iliyokufa. Fungu hilo huisha, kwa hiyo anayeomba Novemba yuko mbele ya anayeomba Februari.

Wakati wa kumtafuta fundi ni Septemba, kukiwa bado na jua na mafundi hawana kazi. Piga simu kampuni tatu. Zile za juu kabisa kwenye utafutaji wa mtandaoni mara nyingi zimelipia nafasi hiyo, na nyingine si kampuni bali ni ofisi ya simu inayouza kazi yako kwa yeyote. Uliza anwani yao iko wapi na nani hasa atakuja. Uliza gharama ya kuja, na kama inafutwa ukikubali matengenezo. Uliza bei ya usiku na ya Jumapili. Uliza kama kipuri cha zamani utaachiwa. La mwisho, uliza mafundi wao wanalipwa kwa saa au kwa kamisheni. Wapokea simu wengi hawakulitarajia swali hilo. Anayejibu papo hapo mwandikie namba yake na uibandike kwenye mlango wa fanesi; anayeanza kukueleza kuhusu ofa ya mwezi huu, muage.